HandBrake kwa sisi wa katuni: ni bure kabisa, ila usibonyeze Start haraka

Nimekuwa nabania katuni zangu kwenye HandBrake (programu ya kupunguza uzito wa faili la video) karibu miaka mitatu sasa, kwa hiyo nikiipa nyota 4 na sio 5 nina sababu zangu. Kabla yake nilikuwa na programu moja ya kulipia, jina silitaji, ukichelewa tu kulipa inabandika nembo yake katikati ya video, mteja anakuuliza hii ni nini sasa. HandBrake haina nembo wala akaunti, inakaa Windows, Mac na Linux, na intaneti huihitaji ukishaidownload, kwetu wa bando hilo sio jambo dogo.

Kwanza ujue haipokei picha za PNG zilizopangwa. Mimi kwenye Blender, programu ninayotengenezea katuni, narenda (natoa picha zilizokamilika) PNG moja moja (umeme ukikatika fremu ya 900 naendelea na 901, ukirenda mp4 moja kwa moja umekwisha), halafu naziunganisha humohumo Blender kuwa faili moja zito lisilopoteza kitu, ndo hilo nalileta huku. Katuni yangu ya sekunde 90 ilikuwa GB 3 na ushee, ikatoka MB 41, na kwa macho sikuona tofauti isipokuwa sehemu mbili nitakazozisema.

Setingi zangu: H.264 (aina ya ubanaji), RF 20 (namba ya ubora), preset slow (ibane taratibu), na pale kwenye Tune weka animation. Hiyo tune wengi wanairuka na ndo imetengenezwa kwa ajili yetu, rangi zilizolala flati na mistari mikali. Ukichagua enkoda (kinachofanya kazi ya kubana) ya kadi ya grafiki huipati, inakimbia kweli ila mimi sitaki. RF ikishuka ubora unapanda na faili linanenepa, wenyewe wanashauri 20 hadi 24 kwa 1080p. Fremureti (idadi ya fremu kwa sekunde) acha ile ya kwako na uweke constant, yaani isibadilikebadilike, kama kuna mtu ataenda kuieditia.

Sasa zile sehemu mbili. Kuna bibi kwenye katuni yangu kajifunga kanga nyekundu yenye madoa meusi, kwenye Blender madoa makali kama yamekatwa na wembe, ukishabana tu kingo zinakuwa kama kanga imelowa, nyekundu inavujia pembeni. Nikashusha RF mpaka 14, faili likavimba, nyekundu bado inavuja tu. Kumbe kosa sio RF, ni ile 4:2:0, namna video inavyopunguza taarifa za rangi, mwanga unatunzwa kwa kila pikseli lakini rangi pikseli nne zinachangia moja, na nyekundu na nyeusi kwa mwanga hazipishani sana. Nilichofanya ni kumnunulia bibi kanga nyingine 😂 madoa yakawa meupe, tatizo likaisha.

Ya pili ni anga ya magharibi, jua linazama, rangi inatakiwa iteleze taratibu toka chungwa hadi zambarau, ikatoka ngazi ngazi. Biti 8, ndo nilizobania, zina hatua 256 tu kwa kila rangi, biti 10 zina 1024, kwa hiyo H.265 (mrithi wa H.264) ya biti 10 inasaidia sana, ila simu nyingi za bei ya chini zinaigomea na watazamaji wangu ndo wanazo hizo. Nikarudi H.264 nikamwagia chengachenga kidogo angani (vidoa vidogo vya kuficha zile ngazi), faili limeongezeka MB 6, poa tu.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya crop, ile ya kukata kingo za picha. Ikiachwa yenyewe inachungulia fremu kadhaa, ikiona kingo nyeusi inakata. Katuni yangu nyingine ni usiku mwanzo mwisho, giza mpaka kwenye kona, nikabana bila kuangalia, nikatuma, mteja ndo akaniambia mbona mti wa pembeni haupo. Uzembe wangu, ila hiyo kitu ingekuja imezimwa. Nenda Dimensions uweke None kila mara.

Halafu ukimaliza kazi yote hiyo usiitume WhatsApp kama video, itabanwa upya na kanga italowa tena, itume kama dokumenti.