Meza za vitabu vya mtumba Dodoma: bei nafuu, ila kagua mgongo

Anayetaka kusoma zaidi bila kutoboka mfuko atafaidi zaidi kwenye meza hizi za katikati ya mji kuliko kwenye maduka ya vifaa vya shule, ambako vitabu vingi ni vya kiada. Mpangilio hakuna. Riwaya inalalia kitabu cha ufugaji nyuki, na hapo ndipo mtu hukutana na asichokitafuta.

Shida ni gundi. Kuanzia Mei hadi Novemba Dodoma ni kukavu, na vitabu vinashinda juani, kwa hiyo gundi ya mgongo hukakamaa. Fungua kitabu katikati, taratibu. Kikilia "ta!", kurasa zitachomoka kabla hujafika mwisho. Kilichoshonwa kwa uzi ni salama zaidi. Fuata pia namba za kurasa, maana wakati mwingine linakosekana fungu zima la kurasa 16, na muuzaji mwenyewe hana habari.

Chukua viwili kwa mpigo, upatane bei: kimoja cha mambo unayoyapenda, kingine cha usilolijua kabisa. Kurasa 10 kwa siku humaliza kitabu cha kurasa 300 ndani ya mwezi. Kisichonoga kufikia ukurasa wa 50, kirudishe; uliza mapema kama muuzaji anakubali kubadilishana kwa kuongezewa kidogo.

Vitabu vya mashairi hupatikana kwa kubahatisha. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu, kwa sababu kibichi huligeuza doa jekundu lisilotoka.