Ndoo ya chuchu kwa kuku wa mayai: uzoefu wangu hapa Goma

Huku Ndosho, mtaa wa Goma, tunakaa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha maji yanazama papo hapo, na kuchimba kisima nyuma ya nyumba ni ndoto. Maji yetu yanatoka Ziwa Kivu: yakifika bombani, tunashukuru, yasipofika, tunanunua kwa bidoni (madumu) zinazopandishwa kwa tshukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo. Ndiyo maana naipenda ndoo hii ya kunyweshea kuku, isiyomwaga maji ovyo, kuliko kifaa kingine chochote bandani mwangu.

Nina kuku 20 wa mayai. Kila mmoja anakunywa kama robo lita kwa siku, karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na joto likizidi anaweza kufika nusu lita. Kwa hiyo siku ya kawaida ninahitaji lita 5, siku ya jua kali naweka hadi 10. Wengine wanabana maji wakidhani wanaokoa pesa. Yai lenyewe, ukitoa ganda, robo tatu yake ni maji! Kuku akishinda bila maji siku nzima, mayai yanapungua na hayarudi kesho yake. Kiu ikiendelea, ananyonyoka manyoya na kuacha kutaga kwa majuma.

Kinyweshea cha zamani kilikuwa kile cha plastiki chenye sinia chini. Kuku wanaparua, na muda si mrefu sinia limejaa maranda, kinyesi na vumbi jeusi la mawe yetu. Nilikuwa namwaga asubuhi na jioni. Kumwaga maji uliyoyanunua kunauma.

Hii mpya ni ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, na chini yake chuchu 4 nyekundu zenye kijiti cha chuma. Kuku akigonga kijiti kwa mdomo, tone linashuka moja kwa moja kooni. Chuchu moja inatosha kuku 8 hadi 10, ila mimi nataka 4, maana wakubwa wao wana tabia ya kuwafukuza wanyonge. Ining'inize mahali ambapo kuku ananyoosha shingo kidogo kwenda juu. Ikiwa chini sana wanaigonga kwa mabega na maji yanamwagika. Kujifunza hakukuwa kazi: niligonga kijiti kwa kidole, tone likang'aa, mmoja akaja, wenzake wakamfuata.

Kasoro zipo. Maji ya bidoni yana mchanga mwembamba, na chembe moja tu inaziba chuchu. Ndoo inaonekana imejaa, kumbe kuku wana kiu. Mimi nachuja kwa kitambaa kizito, na kila asubuhi nabonyeza chuchu zote kwa mkono kabla ya kutoa chakula. Inayovuja nayo isiachwe, kwa sababu maranda yakilowa banda linatoa harufu inayochoma macho.

Siku ya chanjo ya Newcastle (kideri) inayotiwa kwenye maji ya kunywa, ndoo naiweka kando. Chanjo hiyo ni hai na inatakiwa kuisha ndani ya saa kama 2, kwa hiyo kuku wote wanywe kwa pamoja, jambo ambalo chuchu 4 haziwezi. Hapo narudisha sinia. Maji yaliyotiwa klorini kwa ajili ya kipindupindu ni salama kwa kuku kila siku, lakini yanaua chanjo. Natia kwanza unga wa maziwa yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, nangoja nusu saa, halafu ndipo chanjo.

Ukienda kuinunua sokoni hapa Goma, Birere au Virunga, mwambie muuzaji atie maji mbele yako. Gusa kila chuchu: itoe tone nene, kisha ikauke ukiachia. Na uchukue chuchu 2 za akiba siku hiyohiyo, kwa sababu mpira wa ndani ndio unaochoka kwanza.