Huduma kamili ya kuhamisha nyumba: lipia mikono, utulivu hawauzi

Huduma kamili, yaani ile ambayo wafanyakazi huja na maboksi yao, hufunga, hupakia, husafirisha na kupanga upya, hunadiwa kwa neno moja: utulivu. Hapa tunaipima kwa kazi, si kwa tangazo, tukimfikiria mtu anayemtegemea Mungu na bado hajui kule aendako kukoje. Jibu letu: mikono yao ina thamani. Utulivu hawana, hata wakiuandika ubavuni mwa lori.

Wanang'ara jikoni. Mfungaji anayejua kazi husimamisha sahani kwa ubavu kama vitabu kwenye rafu, maana sahani iliyolazwa hubeba uzito wa zote zilizo juu yake, na lori likiingia shimoni ya chini ndiyo inayopasuka. Boksi likishafungwa, litikise kidogo. Ukisikia vyombo vinagongana, lifunguliwe hapo hapo. Nguo na vitabu fungeni wenyewe, havina ufundi wa kulipia. Ila vitabu viingie maboksi madogo, kilo 15 hadi 20 basi, la sivyo kitako huachia mkiwa katikati ya ngazi. Vya kuvunjika waachieni wao, kwa sababu mikataba mingi hailipi kilichovunjika ndani ya boksi ulilofunga mwenyewe.

Kwenye mashine ndiko wanakovuruga. Friji isafiri imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, na ukiiwasha mara tu inapofika unaweza kuiua. Isimamishwe na kuachwa saa kadhaa, na ikiwa ililala safari ndefu, siku nzima. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele ina bolti za safari upande wa nyuma, mara nyingi 3 au 4, za kukaza pipa lisicheze. Zilitolewa siku mashine ilipowekwa nyumbani, na nyumba nyingi zilishazitupa. Zitafute wiki mbili kabla ya kuhama, zikazwe tena kwa safari. Na huko mwendako zitolewe tena kabla ya kuwasha, ama mashine itatembea sakafuni.

Bei inayotajwa kwa simu, bila mtu kuja kuona, ni ubashiri tu. Aje afungue kila mlango, stoo nayo. Orodha iwe na namba ya kila boksi, chumba liendako na hali ya kitu, mpaka ule mkwaruzo wa mguu wa meza. Ukilazimishwa kutia saini ya kupokea mizigo kabla ya kukagua, andika juu ya saini yako kwamba maboksi hayajafunguliwa.

Wapo wanaoona orodha ndefu hivi ni upungufu wa imani. Hao wakasome kitabu cha Hesabu katika Biblia. Katika sura ya 9 Waisraeli hawapewi tarehe: wingu likikaa siku mbili, mwezi au mwaka, wanakaa, likiinuka, wanaondoka. Lakini sura ya 4 imeshagawa mizigo yote. Haruni kuhani na wanawe wafunike vyombo vitakatifu vya hema la ibada kwanza, kisha Wakohathi, mmoja wa koo tatu za Walawi, wavibebe. Wamerari, ukoo mwingine, wachukue mbao, nguzo, vigingi na kamba za hema, kila kitu kwa jina lake. Sura ya 7 inagawa hata magari ya kukokotwa na ng'ombe: Wagershoni, ukoo wa tatu, 2, Wamerari 4, Wakohathi hakuna, kwa kuwa mzigo wao ni wa mabegani. Baadaye, enzi za Daudi, sanduku la agano lilipakiwa kwenye gari jipya, ng'ombe wakajikwaa, na Uza aliyenyoosha mkono kulishika akafa. Gari lenyewe lilikuwa zuri tu. Haukuwa mzigo wa gari.

Tukirudi kwenye huduma, udhaifu wake mkubwa ni muda. Lori limefika, ufunguo wa nyumba mpya haujakabidhiwa, na kila saa ya kusubiri inahesabiwa. Uliza mapema saa ngapi za kusubiri hazilipiwi, mizigo italala wapi, na nani atashika ufunguo wa ghala. Yanayoweza kumalizwa kwa simu, pigeni leo, msiyafanye maombi. Yanayobaki, kama majirani msiowajua au mtoto atakavyopokelewa shuleni, yatajeni moja moja mbele za Mungu, kwa majina kama zile kamba na vigingi. Sala ya "utusaidie kuhama" ni sawa na boksi lisiloandikwa kitu.

Kwa yote hayo tunaipa nyota 3 kati ya 5. Hati, dawa na fedha msiwape. Vikae kwenye mkoba wenu. Boksi la usiku wa kwanza lipakiwe mwisho ili lishuke kwanza: shuka, sabuni, taa, bisibisi na Biblia ya nyumbani. Bolti za kitanda zitiwe kwenye mfuko na kufungwa kwa selotepu kwenye ubao wa kichwani. Gizani, katika nyumba ngeni, hazipatikani.