Kindle Paperwhite juani: kisomaji cha mtu wa boti Lamu

Mimi huvusha abiria kati ya gati ya Lamu na Shela, na kazi hii sehemu kubwa ni kungoja. Mara abiria hawajatimia, mara jua limewafungia watu majumbani. Saa hizo husoma. Simu saa saba mchana haisomeki: hata ukiongeza mwanga hadi mwisho waona uso wako tu, na chaji yaisha kabla ya alasiri. Ndiyo maana nikanunua Kindle Paperwhite ya mwaka 2021, kisomaji cha vitabu vya kidijitali cha kampuni ya Amazon, kilichokwisha tumika, kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Ilipotoka mpya ilikuwa kama dola 140 huko Marekani, bila nauli wala ushuru.

Kioo ni cha inchi 6.8 na kila inchi ina nukta 300, kwa hiyo herufi hazina makunyanzi. Lakini sifa inayonifanya niandike ni hii: jua likizidi, maandishi nayo yazidi kukolea. Simu hutoa mwanga wake yenyewe, ukashindwa na jua. Hiki hurudisha mwanga unaokiangukia, kama ukurasa wa msahafu uliofunguliwa barazani.

Ndani mna tabaka la vifuko vidogo mno, upana wa unywele hivi, vilivyojaa majimaji maangavu. Katika kila kifuko zaelea chembe nyeupe na nyeusi. Nyeupe ni titani dioksidi, ile ile inayotia weupe rangi ya ukuta. Chaji zao za umeme zapingana, kwa hiyo umeme ukipitishwa chini ya kifuko kundi moja hupanda na jingine huzama. Zikipanda nyeusi waona wino, zikipanda nyeupe waona karatasi. Na zikishafika hukaa pale pale hata umeme ukikatika. Kioo hula chaji pale tu ukurasa unapogeuka.

Mzee mmoja wa barazani aliniuliza, "Mwanangu, taa yake iko wapi?" Nikamwambia, "Ami, mchana huu nimeizima. Ni jua lenyewe." Akakiinamisha huku na huku, akapitisha kidole gumba juu ya maandishi, kisha akataka nimkuzie herufi. Nikazikuza mpaka ukurasa ukabaki na mistari michache, akasoma bila miwani hadi adhana ya alasiri. Kwa wazee wetu hilo peke yake latosha kukisifu.

Usiku kuna taa ndogo 17 ukingoni. Zamulika ukurasa kutoka mbele, hazikulengi machoni, na waweza kuzifanya za manjano. Taa ndizo zinazokula chaji.

Kuhusu maji, mtengenezaji asema kinahimili maji yasiyo na chumvi ya kina cha mita 2 kwa dakika 60, lakini maji ya bahari ni sentimita 25 kwa dakika 3 tu. Mtu wa boti ashike hizo za pili. Changu hakitoki nyumbani bila mfuko wa plastiki.

Video usifikirie, maana chembe hazina mbio hizo. Baada ya kurasa kadhaa kivuli cha herufi za nyuma huweza kubaki, ndipo kioo kinapogeuka cheusi chote mara moja kujisafisha. Na faili za PDF za karatasi kubwa hubanana hapa.

Binti wa shangazi yangu, akaaye mtaa wa Mkomani, ana kisomaji chenye kioo cha rangi cha aina ya Kaleido 3. Vifuko ni vile vile vya nyeusi na nyeupe, ila juu yake kuna kichujio cha rangi. Maandishi hubaki nukta 300 kwa inchi, rangi hushuka hadi 150, na kichujio humeza mwanga, kwa hiyo kivulini ukurasa wageuka kijivujivu. Kwa vitabu vya picha vya watoto nakipenda, kwa riwaya la. Gallery 3, aina nyingine ya kioo cha rangi, haina kichujio: chembe zenyewe ni samawati, majenta, manjano na nyeupe, lakini rangi nzuri yaweza kuchukua sekunde moja na nusu kutulia. Wazo lenyewe la kioo cha chembe zinazogeuza rangi ni la zamani. Nick Sheridon wa kampuni ya Xerox alianza miaka ya 1970 na vitufe vinavyozunguka, upande mmoja mweusi, mwingine mweupe. Kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa 1997 na watu wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, ndiyo iliyoleta hivi vifuko.

Anayesoma nje, achukue cha nyeusi na nyeupe. Ukinunua kilichokwisha tumika, kipeleke juani kabla ya kutoa pesa, ufungue ukurasa mtupu na utafute mstari usiobadilika. Chini ya wino huo kuna gilasi nyembamba, na ukikikalia mfukoni hupasuka bila hata alama kuonekana nje. Tazama pia tundu la chaji, maana chumvi ya huku huanza na chuma.