Uzoefu wangu: miezi 20 bila dawa, mingi yake ya kusukwa uzi, hadi nywele za dawa zikaisha kichwani

Niliweka dawa ya kunyoosha nywele kwa mara ya mwisho mwezi Juni 2022, katika saluni moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja, nikatoka pale na kidonda kisogoni chenye upana wa sarafu ya shilingi 200. Wateja walikuwa wengi siku hiyo, na dada aliyenipaka aliniacha akaenda kumtoa mwingine kwenye draya. Nilipomwambia kwamba kichwa kinawaka, alinijibu nivumilie kidogo ili nywele zilainike vizuri. Nilikuwa nimevumilia hivyo kwa miaka 11, kila baada ya wiki 8. Wiki iliyofuata nilikuta kitana kimejaa vipande vifupi vya nywele, na mabega ya gauni langu vilevile, wala havikuwa na mzizi mweupe mwishoni kama nywele iliyong'oka yenyewe. Vilikuwa vimekatika katikati.

Dawa niliyokuwa nikiwekewa ni ya sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki, ileile wanayotengenezea sabuni ya mche. Kazi yake ni kuvunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele mjikunjo wake, na vikishavunjika havirudi. Dawa hiyo inatakiwa ipakwe kwenye maoteo peke yake, yaani nywele mpya zilizoota karibu na ngozi, lakini kwangu mara nyingi ilivutwa hadi kwenye ncha, kwa hiyo unywele mmoja ulikuwa umepigwa kostiki mara nyingi kabla haujafika begani. Nilinunua chupa mbili za mafuta yaliyoahidi kurudisha nywele zilizoharibika, na nasema kwa uhakika kwamba fedha ile ilipotea bure, kwa sababu unywele ukishatoka kichwani hauna uhai wa kujiponya. Unaweza kulainishwa na kulindwa, lakini dawa ya kuurudisha ulivyokuwa haipo.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ya kuondokana na nywele za dawa ni kunyoa na kuanza upya. Sikuwa tayari kunyoa. Nilianza kwa rasta, ambazo baada ya miezi 3 zilinivuta nywele za mbele hadi ukingo wa paji ukaanza kuwa mweupe, ndipo shangazi yangu akanipeleka kwa mama mmoja wa Mbagala anayesuka uzi barazani kwake. Huduma ya mama huyo ndiyo ninayoieleza hapa.

Nilipomwamkia na kuketi mkekani, hakushika uzi kwanza. Alitenga nywele kwa vidole, akabana unywele mmoja kati ya kucha mbili, akaniambia, "Mwanangu, hapa una vichwa viwili." Aliniwekea kioo nione: karibu na ngozi nywele zilikuwa nene na zimejikunja, zikishikwa zinarudi kama sifongo, na kuanzia hapo kwenda chini zilikuwa nyepesi na zimelala kama ndevu za mahindi. Pale zinapokutana ndipo palipo na udhaifu, na ndipo kila unywele wangu ulipokuwa ukikatika, kwa kuwa kitana kilipita kwa urahisi kwenye nywele za dawa kisha kikakwama ghafla kwenye za asili.

Uzi unafaa kwa tatizo hili hasa. Fungu la nywele huviringishwa uzi mweusi kuanzia kwenye ngozi hadi kwenye ncha, likabaki limenyooka bila pasi wala draya, na ile sehemu dhaifu ikawa imefungwa kama mguu uliowekewa banzi. Mtu hachani kwa siku 10 au zaidi. Nilikuwa nikifika kwake kila baada ya wiki 2, na nywele zikishaoshwa na kupakwa kondishona, alizipitisha chanuo zikiwa bado na unyevu, akianzia kwenye ncha na kupanda taratibu, kisha akazipaka mafuta kidogo ya nazi kabla ya kuviringisha. Nililipa shilingi 5,000 kila nilipokwenda, wakati kuretachi peke yake, yaani kupaka dawa kwenye maoteo, kulikuwa kumenigharimu 25,000.

Huduma yenyewe ina kasoro, na wasomaji wanastahili kuzijua. Mara mbili za mwanzo alikaza mno mbele, nikaota vipele na nikashindwa kulala. Nilipomwomba alegeze, alilegeza na hakurudia. Alizoea kufumua kwa wembe ili kuokoa muda, na siku moja wembe ulipita na nywele pamoja na uzi, tangu hapo nikawa nafumua mwenyewe usiku wa kuamkia miadi, kazi ya saa nzima. Mvua za masika ni taabu, maana uzi ukilowa haukauki upesi na kichwa huanza kunuka. Ofisini wapo walioniuliza kama nimefiwa au nimerudi kijijini, na kwa miezi ya kwanza nilikuwa nikijifunga kilemba, jambo ninalojutia sasa, kwa sababu mafungu yale yakipangwa vizuri yanapendeza kabisa.

Mwezi Oktoba 2022, nikiwa nimekwisha kuanza safari hii, ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ukaonyesha kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele mara kwa mara walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kikubwa kuliko wasiozitumia. Utafiti huo ulionyesha uhusiano, haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini kwangu ulitosha kuondoa tamaa ya kurudi.

Nywele huota takribani sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo hakuna msusi anayeweza kuharakisha jambo hili. Kila baada ya miezi 2 mama yule alipunguza ncha za dawa kwa mkasi, upana wa kidole kimoja tu, na mwezi Februari 2024 alikata kipande cha mwisho. Nikivuta nywele zangu za mbele sasa zinafika kidevuni, na nikiziachia zinarudi juu. Sikuwa nimeuona mjikunjo wangu tangu nilipomaliza shule, na nilikaa pale barazani nikiuvuta na kuuachia hadi wateja wawili wakasukwa na kuondoka.

Bado nakwenda kwake, ila sasa ni kila baada ya wiki 3. Pale kisogoni palipokuwa na kidonda pameota, ingawa nywele za hapo ni nyembamba kuliko za jirani yake, na akifika hapo hulegeza mkono bila kuambiwa.