Hot Potatoes kwa mwalimu wa Kiswahili: uzoefu wangu Lamu

Nafundisha Kiswahili wageni hapa Lamu, na katika zana zote za wavuti ambazo walimu wa lugha husifiana, ninayoitegemea ni kongwe kupita nyingine: Hot Potatoes, programu ya kutungia mazoezi. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, miaka ya 1990, na tangu 2009 haina malipo. Sura yake ni ya kizamani, hilo sibishi. Naishikilia kwa sababu ukishaipakua na kuisakinisha huhitaji tena mtandao. Kila zoezi linatoka kama ukurasa wa wavuti, faili ya .htm yenye makumi machache tu ya kilobaiti, na linafunguka kwenye kivinjari hata bando likiwa limekwisha. Kuta za nyumba za mawe za mji wa kale ni nene, na ukikaa ukumbini mtandao ni wa kubahatisha mpaka upande darini. Zana kama Kahoot, mchezo wa maswali unaotaka wanafunzi wawe hewani, hapa huishia kutazama kiduara kikizunguka.

Ndani mna programu tano za kutunga mazoezi: JQuiz ya maswali, JCloze ya kujaza mapengo, JMatch ya kuoanisha, JMix ya kupanga maneno na JCross ya fumbo la maneno. Ya sita, Masher, huunganisha mazoezi kadhaa kuwa mkoba mmoja. Kutungia kwake ni kwenye Windows (wenye Linux hupitia Wine, inayoendesha programu za Windows), si kwenye simu. Kufanya zoezi ni popote.

Kwa Kiswahili, JQuiz ndiyo yenye thamani, hasa maswali ya jibu fupi, si yale ya kuchagua. Mwanafunzi akikosea, haiishii kumwambia amekosea; inamwonyesha sehemu gani ya jibu lake imekaa sawa. Kwa lugha ambayo kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa, hiyo ni faida kubwa. Swali likiwa “Kanusha: Nilikiona kitabu”, wengi huandika “Sikukioni kitabu”, kwa kuwa wamezoea ukanushi wa wakati uliopo unaogeuza a ya mwisho kuwa i. Ukurasa ukimwonyesha kwamba mwanzo wote ni sahihi na tatizo liko kwenye herufi moja ya mwisho wa kitenzi, anarekebisha mwenyewe bila mimi kufungua mdomo. Jibu kama hilo kwenye Google Forms, fomu za maswali za Google, lingehesabiwa kosa tu, basi.

Sharti ni kuorodhesha majibu yote yanayokubalika. “Sikukiona kitabu” na “Sikukiona” peke yake, lenye nukta na lisilo na nukta, yote yaandike. Maneno ya ng' yaandike mara mbili, kwa alama iliyonyooka na ile iliyopinda, maana ukinakili matini kutoka Word unakuja na iliyopinda, na kibodi ya mwanafunzi inatoa iliyonyooka. Kisha washa hali ya Advanced kwenye menyu ya Options, uone nafasi ya kutoa asilimia kwa kila jibu pamoja na maoni yake. Hapo ndipo ninapoiweka Kiamu, lahaja ya hapa Lamu. Mwanafunzi anayeshinda kwenye baraza za Mkunguni ataandika “ndia” badala ya “njia”, au “mato” badala ya “macho”. Kumhesabia kosa ni kumwonea, kwani ndivyo alivyosikia na ndivyo watu wasemavyo. Naliingiza “ndia” kama jibu linalokubaliwa, na maoni yanasema: “Hiyo ni Kiamu safi. Kwa Sanifu andika njia.”

JCloze ni rahisi zaidi na ndiyo ya kuanzia. Bandika matini, weka alama kwenye neno au kipande cha neno, bofya kitufe cha Gap, andika dokezo na majibu mbadala, hifadhi, kisha bonyeza F6 upate ukurasa. Kipande cha neno ndicho kinachotufaa: katika “Jahazi limetia nanga Matondoni” toa “li” peke yake, umeshapata zoezi la upatanisho. Usiamini Auto-Gap, inayotoboa pengo kila baada ya idadi fulani ya maneno. Inatoboa majina ya watu na kuacha viambishi, na matokeo yake ni kubahatisha. Jambo jingine, weka mapengo nane hadi kumi kwa aya. Zaidi ya hapo mwanafunzi anapoteza maana ya habari anayoisoma na kuanza kujaza kama anayejaza fomu ya serikali.

JMix inahitaji tahadhari kwa sababu Kiswahili hakina mpangilio mmoja tu. “Jana watoto walikwenda pwani”, “Watoto walikwenda pwani jana”, “Watoto jana walikwenda pwani”: zote andika kwenye majibu mbadala, la sivyo ukurasa utamkatalia mtu aliyesema sawasawa. Maneno yote yaanze kwa herufi ndogo na nukta usiiweke, maana herufi kubwa inafichua neno la kwanza na nukta la mwisho. Kwenye JMatch nachagua muundo wa orodha ya kushuka. Ule wa kuburuta kwa kidole kwenye simu ndogo unachanganya kuburuta neno na kusogeza ukurasa. JCross inapendeza kwa dakika za mwisho wa somo, mradi uepuke maneno kama ng'ombe, kwani alama ile nayo hudai chumba chake.

Vitufe hutoka kwa Kiingereza, na hili walimu wengi huliacha hivyo hivyo. Ingia Options, kisha Configure Output, badilisha Check iwe “Angalia” na Hint iwe “Nisaidie”, pamoja na sentensi za pongezi na za makosa. Hifadhi mpangilio huo kama faili ya .cfg, uwe unaupakia kila utungapo. Fahamu kuwa msaada wa Hint humpa mwanafunzi herufi inayofuata na kumpunguzia alama. Waambie mapema, kuna watu wazima wanaonuna.

Kutuma ni kwa WhatsApp, kama hati, si kwa kubandika matini. Hapo kuna kikwazo: picha na sauti hubaki faili tofauti nje ya ukurasa. Ukituma .htm peke yake, picha haionekani. Zoezi la WhatsApp liwe la maandishi matupu. La picha za punda na majahazi nalipeleka kwa flashi, folda nzima, kwenye kompyuta ya darasani. Hifadhi zoezi kwenye folda hiyo kabla ya kuingiza picha, ili anwani ya picha iwe ya folda hiyo na si ya kompyuta yako. Majina ya faili yasiwe na nafasi.

Udhaifu wake mkubwa ni alama. Ukurasa unazionyesha kwenye skrini kisha zinapotea mtu akifunga. Mimi huomba picha ya skrini. Tena majibu yamo ndani ya ukurasa wenyewe, na anayejua kutazama chanzo chake ataweza kuyachimbua. Kwa mtihani, au kama mkuu wako anataka jedwali la alama, tumia Google Forms na uvumilie mtandao.

Na faili asili ulizotungia, za .jqz (JQuiz) au .jcl (JCloze), usizifute ukidhani ukurasa unatosha. Hot Potatoes haiwezi kuufungua tena ule ukurasa wa .htm ili urekebishe. Ukizipoteza, unatunga upya kuanzia swali la kwanza.