Uzoefu wangu na fundi bomba aliyeng'oa sinki la bafuni na kabati lake likiwa zima

Nilipokuwa nahama nyumba ya kupanga Kinondoni, sikuwa tayari kuliacha sinki la kauri la bafuni pamoja na kabati lake, kwa kuwa nilivinunua kwa fedha zangu na mwenye nyumba alikwisha kuniruhusu nivichukue. Fundi wa kwanza niliyemwita alitazama mara moja tu, akauliza kama nina nyundo na patasi. Nilimshukuru, nikamtafuta mwingine. Huyu wa pili alitoza zaidi, na kwa maoni yangu alistahili malipo yake yote.

Alifunga maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi la juu, akafungua bomba la sinki mpaka likaacha kutiririka, ndipo akaingia na tochi chini ya kabati. Alinieleza kwamba ukizungusha nati ya mpira wa maji bila kuishikilia koki ya ukutani, nguvu yote huliendea bomba la plastiki lililofukiwa ndani ya ukuta, na likipasuka humo hakuna namna ila kubomoa vigae. Kwa hiyo alitumia spana mbili, moja ya kushikilia koki na nyingine ya kulegeza nati. Bomba lililopinda la maji machafu alilifungua kwa mkono juu ya ndoo, kisha akaziba tundu la ukutani kwa kitambaa ili kuzuia harufu na mende.

Kazi kubwa ilikuwa silikoni, ile gundi ya kuzibia inayolishikilia sinki ukutani. Kauri haipindi, ukiinyanyua upande mmoja ilhali upande wa pili bado umeng'ang'ania ukutani, hupasuka. Fundi alichana silikoni ya pembeni kwa kisu chembamba, halafu akapenyeza mshipi wa kuvulia samaki kati ya sinki na ukuta, akaushika ncha zote mbili na kuuvuta huku na huku kama msumeno, taratibu, mpaka ukatokea upande wa chini. Baada ya hapo sinki lilicheza kwa kusukumwa kidogo tu, wakalinyanyua yeye na msaidizi wake moja kwa moja kwenda juu. Skrubu za kabati zilifuata mwishoni, baada ya kufuta maji yote sakafuni, maana ubao wa MDF, yaani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ukilowa huvimba na haurudi ulivyokuwa.

Nina malalamiko mawili. Alichelewa sana bila kupiga simu, na aliacha mabaki ya silikoni kwenye vigae ambayo ilinibidi niyakwangue mwenyewe, kwa hiyo atakayemwita apatane naye mapema kuhusu usafi.

Sinki sasa limefungwa kwenye nyumba niliyohamia, Goba, halina ufa wala kuvuja. Mipira ya maji nilinunua mipya kwa ushauri wake, kwa kuwa washa za zamani, yaani zile pete za mpira ndani ya nati, zikishagandamizwa hazizibi vizuri tena.